Wimbo wa Bibi Morag kwa Filimbi Nne

Kijiwe chetu ni benchi moja mbele ya spaza ya Vestine, kiduka cha mtaani, hapa Berea, Joburg, na tangu mwaka huu wa 2003 uanze hakijanichosha kama Ijumaa hii. Mwalimu Théodore, Mrundi wetu wa kwaya, amekaa na makaratasi magotini. Bibi Morag, mzee wa Kiskoti aliyelinunulia kanisa filimbi, anahamia Cape Town kwa mwanawe, na keshokutwa ndiyo anaagwa. Ameomba kitu kimoja tu: wimbo wa kwao aliokuwa akiimbiwa na mama yake. Akamrekodia Mwalimu kwenye kaseti, Mwalimu akatumia wiki tatu kuupangia filimbi nne. Mazoezi yamekwisha sasa hivi, dirisha la kanisa wazi, mtaa mzima umesikia. Kila filimbi peke yake tamu. Zikiwa pamoja, uji usio na sukari.

— Bon, shida ni Joburg, — akasema Gaston, Mkongo tunayemwita Robot kwa kuwa humsimamisha kila mtu kama taa za barabarani, ambazo hapa huitwa robot. — Hapa tuko juu sana. Hewa nyepesi. Wimbo wa watu wa baharini utasimamaje?

— Acha hizo! — Huyo ni Ulimboka, mlinzi wa chuo Braamfontein, ndiyo maana anaitwa Profesa. — Waskoti wanapiga zumari lenye mfuko. Mfuko unatunza pumzi. Mwalimu, wafunge wapigaji mifuko. Wahenga walisema, ukipenda boga, penda na ua lake.

— Boga limeingiaje hapa? — nikauliza.

— Mfuko si kitu, — Robot akamkata. — Wanaume wa kule wanavaa sketi. Upepo unaingia chini, pumzi inapanda juu. Wapigaji wetu wamevaa jinzi!

— Eish! — Mwalimu akajishika kichwa. — Mama wa watu anaondoka, ninyi mnaniletea sketi?

Nilimwonea huruma, na hawa wawili nilitamani kuwamwagia kahawa.

Ndipo akafika Kidawa, msusi wa Hillbrow, ambaye hana hata wiki mtaani.

— Shikamooni.

— Marahaba. Kaa, binti, — akasema Profesa. — Tunatengeneza wimbo.

Akachungulia makaratasi.

— Mwalimu, samahani. Hizi filimbi nne, ipi inapiga wimbo wenyewe?

— Hizi zinasindikiza. Ya kwanza inajibu, ya pili inapamba, mbili zinabeba sauti za chini. Wimbo wenyewe unaimbwa na waumini. Kwetu ndivyo tunavyofanya siku zote.

— Na waumini wanaujua?

Mwalimu akafunua karatasi ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Akarudi ya kwanza. Robot akatazama barabara.

Vestine akainamisha birika la kahawa, likatoa matone mawili.

— Kanisa zima anayeujua ni mmoja, — akasema. — Na Jumapili atakaa kiti cha mbele, anausubiri.