Donatus Charles Ngusa, Aliyetaka Jicho la Pili

Jumatano, tarehe 14 Machi 1984, mvua ilianza kunyesha Bugarama alfajiri, na hadi adhuhuri ilikuwa haijakatika. Mkokoteni wa ng'ombe uliokuwa ukimpeleka Apolonia zahanati ulizama kwenye tope njiani, na Donatus akazaliwa palepale, chini ya turubai la kuanikia pamba. Alikuwa mtoto wa tatu na wa mwisho wa Apolonia na Mzee Charles Ngusa. Mama yake husema kijana huyo hakungoja kufikishwa, na tangu siku ile hakuna aliyemwona akingoja kitu chochote akiwa amekaa.

Utotoni alichunga ng'ombe wa nyumbani. Jioni, walipokuwa wakiingia zizini, yeye alisimama upande mmoja wa lango na dada yake Sesilia upande wa pili, kila mmoja akihesabu kimoyomoyo. Hesabu zikipishana, Donatus aliwatoa ng'ombe wote nje ili waanze upya. Mzee Charles alikuwa akitoka na kigoda chake kuja kutazama.

"Ng'wanone, mwanangu, waache hao. Wamechoka kuhesabiwa."

"Baba, Sesilia ana mmoja zaidi yangu."

"Basi chukua hesabu ya Sesilia, twende tukale ugali."

Hakuichukua. Ng'ombe walitoka tena.

Alisoma shule ya msingi Bugarama kuanzia mwaka 1992 hadi 1998, kisha sekondari mjini Kahama, alikomaliza kidato cha nne mwaka 2002. Baada ya miaka miwili ya kulima pamba na kuuza vocha, alikwenda Mwanza kusomea kompyuta, akapata stashahada mwaka 2007. Alirudi Kahama akafungua kibanda cha kutengeneza simu. Simu hazikumtosha. Akaanza kuandika programu za maduka ya dawa, za mashine za kukoboa mpunga na za shule, na mwaka 2014 akahamia kwenye ofisi ya vyumba viwili kata ya Nyahanga. Viti vilikuwepo, lakini yeye aliandikia amesimama, kompyuta ikiwa juu ya friji bovu.

Tarehe 19 Juni 2010 alifunga ndoa na Juliana, fundi cherehani wa mjini Kahama. Ukumbini aliinuka mara kwa mara kwenda kusikiliza jenereta, kwa sababu mlio wake haukumridhisha. Mwishowe bibi harusi alimshika mkono wa koti. "Kaa basi, Donatus. Umenioa mimi au umeoa jenereta?" Akakaa. Muda mfupi baadaye jenereta ilizimika, na Juliana mwenyewe ndiye aliyemwachia mkono. Mungu aliwajalia watoto wawili, Esta na Davis.

Mwaka 2019 aliomba kazi ya kutengeneza programu ya hospitali moja. Kwenye usaili aliulizwa swali ambalo hakuwa amelitarajia: kazi zako nani amezipima? Alisema wateja hawajalalamika. Walimshukuru, wakamwita anayefuata. Juliana anakumbuka kwamba siku hiyo mumewe alizunguka uani hadi kuku wakashindwa kulala. Fundi umeme ana leseni, alisema, dereva wa lori ana leseni, na mimi ninayeandika kitu kitakachompa mgonjwa dawa nina nini? Akaanza kujisomea mtihani wa kimataifa wa upimaji wa ubora wa programu. Mara ya kwanza alifeli. Mwaka 2021 alifaulu.

Cheti hakikumtuliza, kilimwongezea kazi tu. Aliwakusanya waandishi wenzake wa programu wa Kahama wakubaliane kanuni moja: programu isiyosomwa na kujaribiwa na mtu wa pili haitoki mlangoni. Walimtania sana. "Donatus, hapa tunatengeneza mashine ya risiti, wewe unatuletea ukaguzi wa ndege." Aliwajibu kwamba risiti nayo huanguka. Wengi walikubali ili anyamaze. Mmoja alikubali kwa moyo: Nelly, msichana aliyekuwa akijifunza kazi pale Nyahanga, ambaye naye alikuwa hapendi kuachia kitu nusunusu.

Kazi iliyomsumbua kuliko zote aliianza mwaka 2023 kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Buseresere, kwa mwenye duara aitwaye Adam Mageni. Duara ni shimo la kuchimbia, na kabla ya kulipua baruti ni lazima ijulikane kwamba watu wote wametoka chini. Msimamizi alikuwa akihesabu kwa kichwa. Donatus akamtengenezea programu aliyoiita Wametoka. Mchimbaji alitaja namba yake ya simu akishuka, akaitaja tena akipanda. Kioo cha kompyuta kilikuwa chekundu mtu akiwa chini, na kijani wote wakishatoka. Kwa kuwa hakukuwa na mwingine mwenye cheti, mtunga programu akaipima mwenyewe, akasaini mwenyewe karatasi ya kuithibitisha.

Siku ya kwanza ya kuitumia ilikuwa mwezi Novemba. Kioo kilipogeuka kijani, Mageni aliagiza baruti ziunganishwe waya. Donatus alikuwa akizunguka kwenye mdomo wa duara, akamwona mchimbaji mmoja, Kulwa, ameketi anatafuna muhogo.

"Pacha wako yuko wapi?"

"Doto? Yuko chini, anakusanya nyundo."

Donatus alitazama kioo. Kijani.

"Namba yake ya simu ni ipi?"

"Si ndiyo hii hii yangu? Simu tunayo moja, kaka. Leo nimekaa nayo mimi."

Kwa programu, Kulwa na Doto walikuwa mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa ameshapanda. Donatus alikuwa ameandika kila kitu kama vitabu vilivyomfundisha, kila mtu na namba yake, akasahau kwamba hata nyumbani kwao Bugarama simu ya kwanza ilikuwa moja kwa watu wote. Alipiga kelele baruti ziachwe. Doto akapanda na nyundo zake, akashangaa kuona watu wamemkodolea macho. Donatus aliizima Wametoka, akachana karatasi aliyoisaini mbele ya Mageni, na kuanzia siku hiyo akawa hasaini kazi aliyoiandika kwa mkono wake.

Akaiandika upya. Safari hii kila mchimbaji alipewa kibati chake chenye namba, cha kuvaa shingoni, na namba hiyo ndiyo iliyosomwa akishuka na akipanda. Lakini ilihitajika saini ya mtu wa pili mwenye cheti, na huyo hakuwepo. Akamwambia Nelly ajiandae kwa mtihani.

Februari 2024, kabla Nelly hajawa tayari, madaktari waligundua kwamba figo za Donatus zimeshindwa. Akaanza kusafishwa damu Mwanza, mara tatu kwa wiki. Kulala kando ya mashine kulimtesa kuliko sindano. Muuguzi alimbembeleza.

"Lala, kaka Donatus. Mashine imepimwa."

"Na nani?"

Muuguzi akaigeuza mashine akamwonyesha kibandiko chenye tarehe na jina la mkaguzi. Ndipo alipofumba macho.

Mageni alimfuata hukohuko hospitalini, ameshika karatasi. Duara lilikuwa limesimama, na wachimbaji wake walikuwa wakihamia kwa majirani wanaohesabu kwa kichwa.

"Baba Esta, ugua pole. Mimi naomba saini tu. Programu umeshairekebisha, wewe ni mtaalamu, nani mwingine unamtaka, malaika?"

"Namtaka Nelly."

"Nelly amefeli mtihani juzi."

"Hata mimi nilifeli. Atarudia."

"Na ukitutoka kabla hajafaulu?"

"Basi uite majina kwa sauti kwenye mdomo wa duara, na usilipue mpaka umwone kila mtu kwa macho. Saini yangu peke yake ulishaiona ilivyokaribia kumzika Doto."

Mageni aliondoka bila kuaga vizuri. Lakini aliita majina kwa sauti, zamu baada ya zamu, mwaka mzima na zaidi.

Julai 2025 Nelly alifaulu. Jumamosi, tarehe 13 Septemba, siku ya vumbi na upepo mkali, Donatus alipelekwa Buseresere kwa gari, miguu imevimba, Juliana akiwa amemshikilia. Nelly alimkataza kugusa kompyuta. Aliwashusha Kulwa na Doto pamoja, akampandisha Kulwa peke yake. Kioo kilibaki chekundu. Akawabadilishia vibati, akageuza zamu zao za kupanda, akamficha Doto nyuma ya wenzake. Kioo hakikudanganyika. Doto alipotoka juu kikawa kijani, na Nelly akasaini. Mageni alimpa Donatus mkono akakawia kuuachia. Njiani kurudi, kwa mara ya kwanza, Donatus alilala garini. Juliana akaomba redio izimwe.

Alifariki dunia Jumatano, tarehe 17 Septemba 2025, hospitalini Mwanza, na leo Jumamosi, tarehe 20 Septemba, tunamlaza Bugarama jirani na baba yake, aliyetangulia mwaka 2012. Ameacha mama yake Apolonia, mjane wake Juliana, watoto wake Esta na Davis, dada yake Sesilia na kaka yake Masalu, na mwanafunzi wake Nelly, ambaye familia inamhesabu kama mtoto wa nyumbani.

Tulidhani kwamba baada ya saini ile atatulia. Asubuhi iliyofuata, Jumapili ya tarehe 14, Juliana aliamka akamkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, viatu vimeshavaliwa, simu iko sikioni.

"Mageni, umeamkaje. Nimewaza kitu. Je, akishuka mtu mgeni asiye na kibati kabisa?"

"Baba Esta, si jana tumesaini?"

"Nelly alisaini. Mimi nauliza tu."

Mageni akasema ataweka mtu langoni mwa machimbo. Donatus akamwomba aweke wawili, mmoja kila upande.

Donatus, sisi wa upande huu tumekuhesabu. Mzee Charles yuko upande wa pili wa lango, na hesabu yake ni sawa na yetu. Zamu yako imekwisha. Kaa sasa, upumzike kwa amani.