Kichwa cha Kitanda cha Eliamini

Noah ya abiria ya kutoka mji wa Usa ilikuwa nusu tupu, na jua la asubuhi lilitulegeza sote. Mbele yangu kijana alimwonyesha mama aliyeketi kando yake picha za vichwa viwili vya kitanda kwenye simu. "Shikamoo mama. Nichagulie. Fundi wa Kimandolu anasubiri jibu. Chumba cha mwanaume, sitaki maua."

"Marahaba. Chukua hiki kirefu cha ngozi nyeusi. Cha mbao ni kifupi, kitaacha ukuta wazi."

"Ndipo ninapokwama. Mimi ni kitindamimba, na kwa mila zetu nyumba ya marehemu mzee nimeachiwa mimi. Miaka thelathini aliegemea ukuta ule wa kitandani, akinywa chai na kuutazama Mlima Meru dirishani. Kichwa chake kimeacha alama, na hicho kirefu kitaifunika."

"Doa la mafuta hilo! Paka rangi."

Nilikubaliana naye. Mume wangu na wanangu wawili wa kiume wamechafua kuta zote za nyumba.

"Mawingu yakishuka mlimani," kijana alisema taratibu, "naona kama bado ameegemea pale."

"Na ukioa? Mkeo alale huku baba mkwe anamtazama?"

Tulicheka, naye akacheka. Simu ikaita. "Eliamini hapa. Subiri kidogo, fundi."

"Kirefu!" mama akanong'ona.

Gari lilisimama Kimandolu. Kijana akashuka, simu sikioni, macho mlimani. Miguuni mwangu kulikuwa na kopo la rangi nyeupe nililonunua kufunika madoa ya nyumbani kwangu. Nikalisukuma chini ya kiti.