Paka Wawili na Sifuri Niliyoitoa

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya Shule, Mwalimu Mkuu wetu, walimu wenzangu, wazazi, wanafunzi, na wewe shemeji uliyekubali kutuachia mkeo kwa miaka thelathini na mmoja: nawasalimu kwa heshima, kila mmoja kwa nafasi yake.

Kama mkuu wa idara ya lugha, nimeombwa nimuage Mama Mizani, anayestaafu leo. Wanafunzi ndio waliompa jina hilo, kwa sababu hata matangazo ya asubuhi aliyahesabu silabi kwa vidole. Mwalimu Mkuu unacheka, lakini yako yalikuwa yakizidi kila mara.

Nilikuwa nimeandika hotuba ya sifa. Jana nikaichana. Kuna habari ambayo nimeikalia kwa miaka tisa, na nikimwacha dada yangu huyu aondoke bila kuisikia, nitakuwa nimemdhulumu mara ya pili.

Mwaka ule tuliitwa wote wawili kusahihisha mitihani ya ushairi. Yeye alikuwa kiongozi wa meza yetu, mimi msahihishaji mgeni, mwepesi wa kalamu na mwoga wa makosa. Swali la nne liliwataka watahiniwa walinganishe mbinu za lugha ambazo washairi wawili wametumia kumsawiri paka. Mshairi wa kwanza aliandika kwa vina na mizani kamili: “Amekalia mkeka, kama hakimu kitini.” Hapo tashbihi ipo, tashihisi ipo, na paka mwenyewe unamwona, kidevu juu, anatuhukumu sisi tunaomlisha. Wa pili aliandika shairi huru, fupi, kama mtu aliyeishiwa pumzi: “Kiti kina manyoya. Nani atayafuta? Si mimi. Si leo.”

Mwongozo wa kusahihisha ulisema kwamba mshairi wa pili ametumia takriri na swali la balagha, basi. Mtahiniwa mmoja, ambaye kwetu alikuwa namba tu, hakuandika hivyo. Aliandika kwamba mbinu kubwa ya mshairi wa pili ni kutomtaja paka hata mara moja. Wa kwanza, alisema, anatuonyesha paka. Wa pili anatuonyesha nyumba ambayo paka hayumo tena, na anayekataa kufuta manyoya hamlilii paka peke yake. Niliyatafuta maneno hayo kwenye mwongozo, sikuyaona. Nikaandika sifuri, nikafunua karatasi iliyofuata.

Mama Mizani aliichomoa karatasi ile kwenye rundo langu alipokuwa akikagua. Aliisoma mara mbili. Kisha akaniwekea mbele na kusema polepole, “Hebu nisomee jibu hili kwa sauti.”

Nikasoma. Nilipofika kwenye manyoya nilimkumbuka mama yangu: alikuwa amefariki miezi miwili kabla, na kanga yake ilikuwa bado imening’inia nyuma ya mlango wangu. Mama Mizani alilijua hilo. Hakuligusa. Aliniuliza tu, “Mtoto huyu hajaelewa shairi, au sisi ndio hatujaelewa?”

Ndugu wageni waalikwa, mngejibuje? Mimi nilijibu kwamba mwongozo ni mwongozo.

Aliichukua karatasi hadi kwa mkuu wa jopo la usahihishaji, akaeleza kwa upole, akakataliwa. Akaeleza tena, akaambiwa atie sahihi alama za meza yake aache kuchelewesha watu. Alikataa kutia sahihi. Tuliitwa wote, nami nikaulizwa kama naisimamia sifuri yangu. Yeye alikuwa amekaa kando yangu, mikono mapajani, hakunitazama hata kwa jicho la pembeni, asije akaonekana ananishawishi. Nikasema naisimamia. Mchana ule ule aliambiwa afungashe, na kiti chake cha kiongozi wa meza nikapewa mimi. Kabla ya kuondoka aliandika barua ya kurasa mbili, akaikabidhi kwa jopo, akanipa mkono na kuniambia nisisahau kula. Hakuitwa kusahihisha tena.

Sasa sikiliza, dada yangu, kwa maana sehemu hii huijui. Wiki tatu baadaye jopo liliketi upya. Barua yako ilisomwa mbele yetu sote. Mwongozo ulibadilishwa. Karatasi arobaini na tatu zilizokuwa zimeadhibiwa kwa kuona kile ambacho sisi hatukukiona zilisahihishwa tena, na ile ya kwanza niliisahihisha mwenyewe. Nilimpa alama kumi na nane kwa ishirini. Tuliapishwa tusitoe siri za jopo, nami nikajificha nyuma ya kiapo kile hata baada ya muda wake kupita, kwa sababu kukwambia kwamba ulishinda kungenilazimu nikiri pia mbele yako kwamba niliyekuangusha ni mimi.

Kwa miaka tisa umefundisha chumba cha pili kutoka changu. Umenipa chaki zangu zilipokwisha, umeshika vipindi vyangu nilipougua, na kila mwaka umewafundisha wanafunzi hawa wasome pia kile ambacho mshairi hakukiandika, bila kujua kama kuna msahihishaji atakayewaelewa. Wapo, dada. Wapo kwa sababu yako.

Nisamehe. Sihitaji unijibu mbele ya watu, na hata ukiamua usinijibu kabisa, nitajua nimestahili. Ila kesho ukiamka na huna kipindi cha kwanza, ujue kwamba kuna watu arobaini na watatu, huenda wengine leo ni walimu kama sisi, ambao hawajui jina lako na ambao ulipoteza kiti chako kwa ajili yao.

Mheshimiwa Mwenyekiti, wageni wetu, nawashukuru kwa kunipa masikio yenu hadi neno la mwisho.