Ulimboka Mwaikenda na Mbegu za Mreteni

Marehemu Ulimboka Mwaikenda, tunayemzika leo hapa Maskati, alizaliwa tarehe 12 Juni 1974 kijijini Isongole, Rungwe, kwenye baridi ya kugonganisha meno. Alisoma Shule ya Msingi Isongole hadi 1989, kisha akaajiriwa kwenye kitalu cha miti. Tarehe 8 Septemba 2001 alifunga ndoa na Bupe.

Mwaka 2012 alikuja Azaiba, hapa hapa Maskati, kutunza kitalu cha Mzee Humaid, Mwomani aliyekulia Unguja. Bupe akafuata, akawa mpishi wa nyumba hiyo hiyo. Mzee alikuwa na kiu moja tu, mreteni, mti wa milima ya baridi unaofanana na mwerezi. Kwenye milima ya Omani ya huko ndani, chini ni migunga, katikati mizeituni mwitu, na juu kabisa mireteni mikongwe inayokauka mmoja mmoja.

“Miaka sita nnapanda mbegu zake, hata moja haijaota,” alilalamika.

“Mzee, hazijalala baridi,” akajibu Ulimboka. “Hizi bila baridi haziamki.”

Desemba 2023 akazichanganya na mchanga wenye unyevu kwenye kopo, akalisukuma ndani ya friji ya jikoni. Kumwambia mkewe? Wapi!

Machi 2024, siku mbili kabla ya Ramadhani, Bupe alisafisha friji. “Loh! Mchanga kwenye chakula cha watu!” Akaumwaga. Jioni mumewe akasema amebakiza wiki mbili azipande mbegu za kwenye kopo. Bupe akalijaza kopo mchanga mwingine, akalirudisha kwenye friji bila kumwambia. Ulimboka akapanda mchanga mtupu, akawa anaumwagilia maji kila asubuhi.

Figo zilianza kumsumbua Oktoba. Hospitalini, kila Bupe alipoingia, swali lilikuwa lile lile: “Imeota?” Tarehe 2 Februari 2025 akamjibu, “Imeota, miwili.” Ulimboka alicheka mpaka akakohoa. “Mwambie mzee.” Alifariki kesho yake, saa nne asubuhi.

Bupe mwenyewe ndiye aliyetaka haya yasomwe, maana uongo ule unamchoma. Alishamweleza Mzee Humaid kila kitu. Mzee alilia, kisha akapanda mlimani, akarudi na mbegu nyingine. “Haya mwanangu, zilaze wewe.”

Marehemu ameacha mjane, watoto wawili, Lusajo na Tumaini, na kopo moja ndani ya friji huko Azaiba, lenye maandishi ya mkono wa Bupe: MBEGU ZA ULIMBOKA. Baba Lusajo, pumzika kwa amani. Safari hii hakuna atakayeligusa.