Madoa ya Kijani Mlangoni kwa Sista

Benchi la Deeqa muuza kahawa liko ng'ambo ya nyumba ya Sista, nyuma ya soko la Lodwar, na ukiketi hapo utautazama mlango wa Sista upende usipende. Fremu ya mlango huo ina mikanda mitatu ya shaba nyekundu: mmoja kila upande, na wa tatu juu kabisa, chini ya paa. Aliyeileta ni Jepkoech, binti wa Sista, baada ya kumhutubia mama yake kwa simu siku nne mfululizo kwamba nyumba ya muuguzi aliyezalisha nusu ya Lodwar haiwezi kuwa na sura ya stoo ya mahindi. Alishinda hoja. Chuoni Eldoret hushinda midahalo kila Ijumaa, ndiyo maana kijiweni wanamwita Mheshimiwa. Sasa ni wiki ya tisa ya likizo, mikanda imeota madoa ya kijani kama mkate uliosahauliwa kabatini, na Sista ameamua: leo hii ipakwe rangi ya mafuta, ile ile ya geti. Kopo la rangi liko chini ya benchi. Fundi Adome ameketi benchini, brashi mfukoni, anamalizia kikombe cha pili.

— Mwongezee, Deeqa, — Jepkoech akasema.

— Mheshimiwa, wewe unanionga na kahawa, — Adome akasema, akakinga kikombe.

— Sikuhongi. Naomba muda wa kuchangia.

— Aya, changia. Hii ikiisha napaka.

Jepkoech akasimama. Hajui kutetea kitu akiwa ameketi.

— Kwanza, tumeuziwa shaba bandia. Ni dhuluma. Nimemwandikia mwenye duka barua ya malalamiko, kurasa tatu.

— Umetuma? — aliuliza Cornelius wa ofisi ya ardhi, ambaye wanamwita Kifungu kwa sababu hata salamu huijibu kwa kifungu cha sheria.

— Bado naipunguza makali.

Ukweli ni kwamba alikuwa amefika ukurasa wa saba.

— Si duka, — akasema Abdifatah, mwenye lori la Kakuma. — Abaayo, dada yangu, skiza mimi. Ni moshi ya dizeli. Lori yangu ikipita hapo, ile moshi yote inaenda kwa mlango yenu.

— Lori lako linapita mara moja kwa wiki, — Deeqa akamwambia, — na siku hiyo linasukumwa.

— Basi ni jua. Hiyo shaba imezaliwa mahali ya baridi, imeletwa huku, imekasirika. Ndio inatoa kijani. Inatafuta mvua.

— Ni mbuzi, — Adome akasema. — Kila asubuhi ziko pale zinaramba. Mate ya mbuzi iko na kitu.

— Mbuzi wa nani? — Jepkoech akageuka. — Maana hawaji mpaka niwe nimemaliza kuosha. Nikiosha tu, hao. Mnaona? Kuna mtu anawatuma.

Cornelius akainua kidole.

— Kwa mtazamo wa kitaalamu, tuangalie chini. Ziwa linapanda. Unyevu unasafiri chini kwa chini, kilomita hamsini na kitu, hadi msingi wa Sista. Shaba inaunyonya.

Aibu ni kwamba Jepkoech aliipenda hoja hiyo. Alikwisha kuipangia utangulizi kichwani, na hitimisho linalolaumu serikali.

— Na si kwamba nimekaa tu, — akaendelea. — Kila alfajiri, jerikeni nzima ya maji ya kisima. Ndimu, chumvi, waya wa sufuria. Nikimaliza inawaka mpaka Abdifatah anafumba macho. Kesho yake, madoa mawili zaidi. Basi naosha mara mbili. Oneni mikono.

Akaionyesha. Ndimu ilikuwa imevichoma vidole vyote. Maji yenyewe ya kisima ni yale ambayo Deeqa hayapikii kahawa kwa jinsi yalivyo na chumvi; yeye huletewa mengine kwa punda.

— Hakuna msichana Lodwar anatunza nyumba hivyo, — Abdifatah akakiri.

Wote wakatikisa vichwa kwa heshima. Adome akanywa funda kubwa, na Jepkoech akaona kikombe kimefika nusu.

Hapo akafika mama mmoja Mkongomani, Eugénie, mshonaji wa Kakuma, amebeba furushi la vitambaa.

— Jambo yenu. Natafuta Abdifatah, ya lori.

— Ejok, mama. Kaa, tunapakia saa kumi, — Abdifatah akaitikia kwa salamu ya Kiturkana.

Eugénie akaketi, akapewa kikombe, akasikiliza ziwa, mbuzi na dizeli vikirudiwa upya kwa faida yake. Akautazama mlango kwa muda.

— Na ule mukanda wa kule juu, — akauliza, — munausafishaka na nini?

Wakainua macho. Mkanda wa juu ulikuwa na rangi ya kahawa iliyokolea, laini, bila doa moja. Uko mahali ambapo mkono wa Jepkoech haufiki hata akisimama juu ya jerikeni.

Jepkoech akakimbilia hoja zake moja moja. Jua linafika kule. Vumbi linafika. Moshi wa Abdifatah unafika, lori likiwaka. Kisichofika kule ni yeye tu.

— Nauliza tu, — Eugénie akasema, akapuliza kahawa yake.

Geti likafunguliwa. Sista akatokea na sare zake za zamu.

— Adome, hiyo kahawa haina mwisho?

Adome akalivuta kopo, akamtazama Jepkoech. Jepkoech akavuka barabara. Benchi zima lilijua hotuba zake haziteremki chini ya dakika nane, na Deeqa akaanza kumimina raundi nyingine.

— Mama, usipake, — Jepkoech akasema. — Shaba haina shida. Ni mimi.

Sista akatazama mkanda wa juu, akashuka kwenye ya pembeni, akaishia kwenye vidole vya binti yake.

— Ndimu zote zirudi jikoni, — akasema. — Na kesho ulale mpaka saa tatu.