Sofia Kipriani, Mkunga Aliyeomba Mshahara Mara Mbili

Maneno yaliyosomwa kwenye maziko yake, Namitende, Jumamosi tarehe 14 Juni 1958

Mama tunayemzika leo, Sofia Kipriani Nambunga, alizaliwa Naipingo mwezi wa Machi mwaka 1921, mtoto wa tatu wa mzee Kipriani Nambunga na mama Anastasia. Wazazi hao walivuka Ruvuma na jembe moja na mtungi mmoja, na kwa Kiswahili cha kuokoteza wakaelewana na wenyeji wa Kimwera hadi wakapewa shamba. Tarehe yenyewe ya kuzaliwa haikujulikana. Padri aliyembatiza aliandika 19 Machi kwa sababu ni sikukuu ya Mtakatifu Yosefu, na kwa sababu alikuwa amechoka kubishana na mama mzazi.

Alisoma shule ya misheni tangu 1930 hadi 1934, akamaliza darasa la nne. Baba yake aliona inatosha, tena alikwisha kumpatia mchumba. Sofia, akiwa na miaka kumi na mitatu, alimfuata shambani akamwambia, "Baba, ukinioza sasa utapata mahari mara moja. Nikijifunza ukunga utapata kila mwezi." Mzee Kipriani alifikiri siku mbili, kisha akauliza, "Hiyo ya kila mwezi ni kiasi gani?" Sofia akasema hajui, lakini kazi kubwa kama ile haiwezi kulipwa kidogo. Mzee alikubali. Katika mapatano yote aliyowahi kufanya Sofia, hapo tu ndipo alipotaja bidhaa bila kujua bei yake.

Alisubiri hadi alipotimiza umri wa kupokewa, akajifunza uuguzi na ukunga katika hospitali ya misheni miaka mitatu, 1937 hadi 1940, akapata cheti. Alitumika huko miaka minane. Siku moja Sista mkuu alimkuta akipita wodini miguu mitupu, akamkumbusha kwamba uuguzi ni wito. Sofia alijibu kwa heshima, "Wito ninao, Sista. Viatu ndivyo sina." Sista alicheka mpaka akashika ukuta, na kesho yake akaleta viatu. Vilikuwa vya kiume, namba tisa. Sofia alivijaza matambara akavivaa mwaka mzima, wagonjwa wakawa wanamsikia anakuja tangu yuko mlango wa pili.

Tarehe 26 Septemba 1942 alifunga ndoa na bwana Ignasi Chilumba, naye wa Naipingo. Mradi wa Waingereza wa kulima karanga ulipofika Nachingwea, bwana Ignasi alifundishwa kuendesha trekta, na mwaka 1948 Sofia akamfuata, akapata kazi katika wodi ya vibarua. Ndipo alipoanza kulinganisha. Mumewe alijifunza trekta kwa majuma sita, naye alijifunza ukunga kwa miaka mitatu, na mwisho wa mwezi bahasha ya mume ndiyo ilikuwa nene. Bwana Ignasi atushuhudie: hakumwonea wivu. Alimwambia tu, "Trekta lako likizimika unaita fundi. Mimi mtu wangu akizimika namwita nani?"

Mwaka 1951 mradi ulivunjika, matrekta yakaachwa kwenye majani, na bwana Ignasi akawa mtu wa kwenda mashamba ya mkonge kwa msimu. Serikali ilimpeleka Sofia hapa Namitende, katikati ya Nachingwea na Ruangwa, kwenye hospitali ya vitanda kumi na sita. Tangu siku hiyo nyumba yao ilisimama juu ya mshahara wake, ambao kufikia mwaka 1956 ulikuwa shilingi sabini na mbili. Walimsaidia wauguzi wawili, Kulthumu na Rabia. Daktari alikuja kila siku ya kumi na tano, barabara ikiruhusu.

Mnaijua desturi ya huku. Mtoto akizaliwa salama, ndugu wa mzazi humletea mkunga kuku, na asipopokelewa huyo kuku bibi wa mtoto hapati usingizi. Sofia aliwapokea kwa mikono miwili, akashukuru, akasifu hata mafuta yao. Wageni wakishatoka humkabidhi Kulthumu: "Mchinje. Supu umpelekee mwenyewe." Mwenyewe ni yule mzazi kitandani. Chakula cha wagonjwa kilichotoka serikalini kilikuwa unga na kunde, basi, na aliyetokwa na damu hasimami kwa unga na kunde. Kwa hiyo kila mwanamke aliyezaa pale alikunywa mchuzi wa kuku wa kwao. Wote walijua. Nani asiyemjua kuku wake?

Mwezi wa Mei 1956 Sofia aliandika barua ya kuomba mshahara wa wauguzi wa Namitende uongezwe mara mbili. Rabia alipopewa kalamu atie sahihi, aliiweka chini kwanza.

"Dada Sofia, mara mbili? Tuombe shilingi kumi tu, watatuona wastaarabu."

"Ukiomba kumi utapewa mbili, na utaambiwa ushukuru," Sofia alimjibu. "Omba inayostahili. Wao ndio watafute la kusema."

Barua haikulia wala kupiga magoti. Ilisema vitanda ni kumi na sita na wagonjwa ni arobaini. Ilisema mwaka 1955 walizaliwa watoto mia tatu na kumi na wawili, na mama waliofariki ni wawili. Ilisema wagonjwa wa kifua wanalazwa chumba kimoja na wengine, na wauguzi wanavuta pumzi hiyohiyo. Ilisema pia kwamba karani anayepima magunia ghalani analipwa shilingi mia moja na kumi, naye akikosea, hasara ni gunia.

Jibu lilikuja haraka kuliko kawaida. Tume ya mishahara ingefika kuwauliza wananchi wenyewe wanaotibiwa pale. Sofia aliisoma barua mara mbili, akamwambia Kulthumu, "Kama wanaoulizwa ni hawa, tumeshinda." Hata hivyo hakukaa. Alikwenda kwa Jumbe Swalehe, ambaye binti yake, Mwanne, aliletwa kwa machela kutoka Kilimarondo mwaka 1954, siku ya tatu ya uchungu, mtoto amekaa vibaya. Sofia aliwatoa wote wawili wazima. Jumbe alimwambia, akimwita kwa jina la mwanawe, "Mama Severini, hilo la tume niachie mimi."

Akamwachia.

Baraza lilifanyika Jumanne tarehe 9 Oktoba 1956, saa nne asubuhi, mbele ya hospitali. Watu walijaa. Bwana wa tume aliuliza kwa kupitia karani wake: "Huyu nesi wenu, hali yake mnaionaje? Anapungukiwa?"

Jumbe Swalehe alisimama, akarekebisha kanzu.

"Bwana, watu wangu si watu wa kumwacha mkunga wao apungukiwe. Kila mtoto, kuku! Hapa nesi anakula vizuri kuliko mimi jumbe."

Watu walicheka na kupiga makofi. Mzee mmoja akadakia, "Na mayai! Msisahau mayai!" Mwingine akasema ukoo wake hutoa jogoo, siyo kuku mzee aliyeacha kutaga. Ikawa mashindano. Sofia, aliyekuwa amesimama mlangoni na aproni yake, alimtafuta Mwanne kwa macho. Mwanne alimwona, akatabasamu, akainuka na mtoto mgongoni.

"Mimi nilimpa wawili," akasema kwa sauti.

Kulthumu alimshika Sofia mkono. "Dada, hawa wanasema nini?"

Sofia alinyoosha mkono aseme. Karani akamwambia wauguzi watasikilizwa baadaye. Baadaye haikuwako. Karani aliandika, bwana wa tume akasaini, gari likaondoka kabla ya adhuhuri.

Jibu la mwisho lilifika Jumatatu tarehe 21 Januari 1957. Ombi limekataliwa, kwa kuwa wananchi wenyewe wamethibitisha kwamba wauguzi wa Namitende wanatunzwa vya kutosha kwa vyakula. Tena muuguzi mkuu, Sofia Kipriani, anaonywa kwa kupokea zawadi akiwa kazini, na nyongeza yake ya kawaida ya kila mwaka inasimamishwa. Kwa hiyo aliyeomba mara mbili alitoka amepoteza hata nyongeza aliyokuwa nayo, na ushahidi wote ulitoka vinywani mwa watu aliowazalisha.

Siku hiyohiyo alikwenda kwa Jumbe na barua mkononi. Bwana Ignasi alikuwapo, na maneno haya tumeyapata kwake.

"Jumbe, umeniuza."

"Mimi? Nilikusifu mbele ya Mzungu!"

"Ulijua kuku wale nani anawala. Binti yako alikula wake wote wawili, hata shingo hakuniachia."

"Najua, Mama Severini."

"Sasa?"

"Sasa ulitaka niseme nini? Kwamba watu wa Namitende mkunga wao ana njaa? Mgeni yule angerudi kwao akituhadithia. Ingekuwa aibu yetu sote."

"Kwa hiyo aibu yenu nimeilipa mimi."

Jumbe alimpa kiti. Sofia hakukaa.

Tangu hapo hakupokea kuku hata mmoja. Watu walisema nesi amepata kiburi. Wazazi walikula unga na kunde, na waliochelewa kupata nguvu walichelewa kweli, jambo lililomuuma kuliko ile nyongeza. Mwanne alipojifungua tena mwezi wa Agosti 1957 alikuja na kuku wake, Sofia akamrudisha nje.

"Mpelekee baba yako amwandikishe kwa karani."

Mwanne alilia palepale. "Dada, nilitaka kukupandisha. Sikujua nakushusha."

"Baba yako alijua," Sofia akamwambia. Kisha akamshika, akamwingiza ndani, akamtandikia kitanda, kwa sababu alikuwa ametembea mapema mno baada ya kuzaa.

Hakuacha kazi. Wengi walimuuliza kwa nini asirudi misheni, au asifungue ukunga wake nyumbani alipwe papo kwa papo. Angepata zaidi, hilo halina ubishi. Alijibu kwamba akiondoka watasema hakuwa na haja na mshahara wenyewe, na Kulthumu na Rabia hawataongezewa maisha yao yote.

Alianza kukohoa mwezi wa Novemba 1957. Alisema ni vumbi. Tarehe 10 Februari 1958 alipimwa Nachingwea, akaambiwa ni kifua kikuu, ugonjwa uleule wa chumba kile alichokieleza katika barua yake. Alipewa likizo kwa nusu mshahara, shilingi thelathini na sita, na watoto watatu shuleni. Alilazwa majuma tisa, akaomba arudishwe nyumbani. Kulthumu alimhudumia kila siku baada ya zamu, bila kuulizwa na bila kulipwa.

Mwezi wa Mei tulipata habari kwamba tume nyingine itafika Namitende Jumatatu tarehe 7 Julai, kuuliza swali lilelile. Jumbe Swalehe alikuja kumtazama mgonjwa tarehe 2 Juni. Sofia aliomba ainuliwe, akaegemezwa ukutani.

"Jumbe, wakija tena utawaambia nini?"

"Pona kwanza, mama. Tutazungumza."

"Mimi nimekuuliza sasa."

"Pona kwanza," akasema Jumbe.

Hakupona. Alifariki Alhamisi tarehe 12 Juni 1958, saa tisa alasiri, mumewe na Kulthumu wakiwa karibu naye. Alikuwa na miaka thelathini na saba. Katika miaka yake saba ya Namitende alizalisha watoto elfu mbili na mia moja na kitu, na wengi wao wamebebwa kuja hapa leo.

Ameacha mume, bwana Ignasi Chilumba. Watoto watatu, Severini, Anastasia na Kipriani. Mama yake mzazi, bibi Anastasia. Na kaka yake Liberati, mnunuzi wa ufuta huko Ruangwa, anayewasomea maneno haya. Ameacha pia wauguzi wawili, Kulthumu na Rabia, kwa mshahara uleule wa mwaka 1956, wagonjwa wakiwa sasa hamsini na wawili.

Tangu juzi wengi wenu mmeuliza familia inahitaji msaada gani. Familia imekaa, imekubaliana. Sanda tunayo, mbao tunazo, chakula cha leo kinatosha. Msaada tunaoutaka ni wa tarehe 7 Julai, saa nne asubuhi, mbele ya hospitali. Mtakapoulizwa kama nesi anapungukiwa, semeni ndiyo. Semeni mshahara wake ni kiasi gani na kazi yake ni kiasi gani, mnyamaze hapo. Aibu ya neno hilo ni ya siku moja.

Jumbe Swalehe, umekuja, tumekuona, tunakushukuru. Marehemu alikuuliza, nawe ukamwambia apone kwanza. Sasa sisi wenyewe, ndugu zake, tunangoja jibu lako.

Mwenyezi Mungu ampokee Sofia, ampumzishe kwa amani. Sasa tumpe udongo.