Namba Zilizofuatana

Benchi letu liko baina ya kibanda cha Fundi Saa na chumba cha kinyozi tunayemwita Kipaza, kwa kuwa hata akinong'ona wanamsikia walio ng'ambo ya barabara. Mguu mmoja wa benchi ni tofali. Birika ni langu, vikombe ni vyangu, na anayekaa bila kununua namjua. Asubuhi hiyo walikuwa watatu: Fundi Saa, Kipaza, na Wakili, ambaye si wakili, alibeba mafaili mahakamani miaka thelathini akadhani sheria zimemwingia kupitia kwapani. Fundi Saa hakuwa amefungua kibanda. Simu mkononi, na juu ya goti kaweka kisanduku cha plastiki, bapa, kimezibwa pande zote, ndani yake sarafu ya fedha.

Sarafu hiyo sote tunaijua. Baba yao aliwaachia yeye na kaka yake moja moja, za mwaka mmoja na kasoro moja: ukiigeuza, mfalme anasimama kwa kichwa. Mwaka huu Fundi Saa aliipeleka yake kwa wapimaji, watu wanaoikagua sarafu, wakaipa daraja, wakaifunga kwenye plastiki na kuipa namba ya cheti. Yeye na kaka yake hawasemezani, huu mwaka wa kumi na moja. Waligombea kabati la vioo la duka la baba yao, mmoja akavuta huku, mwingine akavuta kule, likapasuka. Vioo vikatupwa jalalani, kununa kukabaki.

— Soma namba ya yangu, Fundi Saa akamwambia Kipaza.

— Inaishia mia tatu na sita.

— Haya, soma ya hii.

Akampa simu. Palikuwa na picha iliyotumwa usiku katika kundi la wapenda sarafu. Sarafu ileile, kasoro ileile, plastiki ileile.

— Mia tatu na saba! Kipaza akapiga kelele, mbwa wa duka la jirani akaamka.

— Na kidole gumba hicho kilichoishika ni cha kaka yangu. Kucha hiyo ilipasuliwa na nyundo nikimwona.

Nikamimina kahawa. Habari ya namna hiyo haitaki koo kavu.

— Hapo kuna jasusi, akasema Kipaza. Mtu haongei na wewe miaka kumi na moja, halafu namba yake inakaa mgongoni kwa yako? Kuna mtu anakuchungulia. Nani alijua unapeleka sarafu?

— Wewe, akajibu Fundi Saa. Nilikwambia nikinyolewa.

— Basi si mimi.

Wakili akajikohoza, na Wakili akijikohoza ujue tumeumia.

— Ndugu zangu, wale wapimaji wana darubini. Wanaona jasho la mwenye sarafu. Jasho la ndugu ni moja. Mashine ikasema, hawa ni wa tumbo moja, wapange pamoja. Hata daraja wamewapa sawa, sitini na mbili kwa sitini na mbili. Baba yenu alifariki akiwa na miaka mingapi?

— Sitini na tisa.

— Karibu kabisa.

— Karibu na nini, wewe? nikamuuliza. Miaka saba ni mtoto wa shule.

— Bibi, wewe hujui mambo ya darubini.

— Sijui. Ila najua sarafu zote mjini hapa hupelekwa na yule mwanamke wa duka la karatasi, hukusanya mwezi mzima akatia katika furushi moja. Wewe Fundi ulipeleka kwake?

— Kwake.

— Na kaka yako angepeleka kwa nani, kwa muuza mkaa? Mkikutana kapuni mwake, namba zitaachana vipi?

Kila mmoja akatazama kikombe chake. Hawapendi jibu fupi, linawamalizia kahawa bila maongezi.

— Sawa, Bibi, akasema Kipaza. Lakini mwezi uleule? Miaka kumi na moja hakuna aliyepeleka, halafu wote mwezi mmoja?

— Wewe Fundi, ulipeleka mwezi gani?

— Mwezi uleule aliofariki mzee miaka ile. Nilikuwa nakikunjua kitambaa chake, nikaona inafanya weusi. Nikasema isije ikaniharibikia.

— Ndiyo hivyo. Wewe ulikumbuka baba yako amekufa. Kaka yako nani alimkataza kukumbuka?

 Fundi Saa aligeuza kisanduku, mfalme akasimama kwa kichwa.

— Mimi nasema ni sumaku, Kipaza akarudi na jipya. Fedha iliyoyeyushwa chungu kimoja huitana. Nilikuwa na mikasi miwili ya kiwanda kimoja, mmoja ukipotea na mwingine hufa makali.

— Mikasi yako yote haina makali, akasema Wakili. Sikio langu ni shahidi. Hapa tutazame maandishi. Fundi, kaandika nini chini ya picha?

Fundi Saa akasoma, kila neno kama analitema:

— "Mwenzake yuko wapi?"

— Ahaa! Wakili akasimama, benchi likainuka upande wake. Anataka jozi! Moja ni pambo, mbili zenye namba zinazofuatana ni mali. Anakuvizia akuchukulie na yako, auze zote.

— Ndivyo nilivyoelewa, akasema Fundi Saa. Sarafu ya baba yangu anaitembeza kwenye kundi la wachuuzi. Nimekwisha andika.

— Umeandika nini?

Akaonyesha simu. Alikuwa ameandika kwa ukoo mzima, mashangazi, binamu, na mama yao aliye hai huko kwa binti yake, ambaye husomewa ujumbe kwa sauti. Kwamba kaka yake anauza kumbukumbu ya marehemu, kwamba tangu leo yeye hana kaka, na siku yeye Fundi akifa, huyo mtu asikanyage mazishini kwake.

— Bado kubonyeza tu, akasema.

— Bonyeza! akasema Kipaza. Ukichelewa atakutangulia kukusema wewe.

— Ongeza neno "kisheria", akasema Wakili.

— Kisheria wapi?

— Popote. Linatisha.

— Mama yako ana presha, nikasema mimi. Ukibonyeza hapo unabonyeza kifua chake.

— Bibi, mama ana haki ya kujua amezaa nani.

— Anajua amezaa nani. Amezaa wawili wenye vichwa vigumu kama mlango.

Kipaza akacheka, Fundi Saa hakucheka. Kidole kinachoshika skrubu ndogo kuliko punje ya ulezi kilikuwa juu ya kioo cha simu. 

Ndipo akaja muuguzi, bado na sare ya kazini, viatu mkononi, miguu imemvimba. Saa yake ilikuwa imesimama.

— Shikamoo Bibi. Kaka zangu, hamjambo? Fundi, utanitilia betri? Nasinzia nikisubiri hapa.

— Ngoja, dada, akasema Kipaza. Kuna kesi.

Akamweleza kesi yote, namba, jasho, sumaku, kucha, kwa pumzi mbili. Muuguzi akakaa, akapokea kikombe, akaomba aone hiyo picha. Aliitazama kwa muda, akaisukuma juu na chini kwa kidole.

— Hajaandika bei, akasema.

— Wajanja hawaandiki bei, akasema Wakili.

— Hajaandika anauza.

— Wajanja hawaandiki wanauza.

— Kauliza tu, "Mwenzake yuko wapi?" Tangu jana saa nne usiku. Sasa, nani amemjibu?

 Kipaza, mara ya kwanza tangu nimfahamu, alitafuta kitu cha kutazama chini. Nami nilishika birika na halikuwa na sababu ya kushikwa.

— Fundi, akarudia yule binti, maana hakuwa na mbinu yoyote, alikuwa na usingizi tu. Wewe ndiye mwenye hiyo nyingine. Umemjibu?

Fundi Saa aliiomba simu yake. Akarudi kwenye ule ujumbe wa ukoo, akaanza kuufuta herufi moja moja kutoka mwisho.

— Kuna njia ya kuufuta wote kwa mkupuo, akasema Kipaza polepole, sauti ambayo sikujua anayo.

— Niache, akasema Fundi Saa.

Ukaisha. Akafungua picha ya kaka yake, mahali pa kujibu, akaweka kile kisanduku vizuri gotini, akakipiga picha. Ya kwanza ilitikisika. Ya pili ikatikisika. Muuguzi akaegemeza kikombe kwenye tofali, akamshikia mkono kwa chini, kama wanavyomshikia mgonjwa anayechomwa sindano, hadi ikatoka.